Tusichukiane: mwalimu na mwanafunzi katika India ya kale

Kabla ya somo, mwalimu na mwanafunzi walisali sala moja kwa pamoja. Iko mwanzoni mwa sehemu ya pili ya Taittiriya Upanishad, mojawapo ya maandiko ya kifalsafa ya Kihindu, nayo ni fupi: atulinde sisi wawili, atulishe sisi wawili, tufanye kazi pamoja kwa nguvu, tunachojifunza kiwe na nuru, tusichukiane. Wengi wanaoisifu elimu ya kale ya India hulipita ombi hilo la mwisho haraka. Lakini watu hawaombi kuepushwa na jambo lisiloweza kutokea. Waliotunga sala hiyo walijua kwamba mtoto wa miaka minane akikaa miaka kumi na miwili katika nyumba ya mtu mwingine, akimletea kuni na kulala sakafuni kwake, chuki ina mahali pa kuota. Kanuni nyingi za gurukula, yaani nyumba ya mwalimu iliyokuwa ndiyo shule yenyewe, zinaeleweka vizuri zaidi zikisomwa kama kinga dhidi ya chuki hiyo.

Habari hizi kwa kawaida husimuliwa nusu. Tunaambiwa jinsi mwanafunzi alivyonyenyekea, alivyotumikia, alivyoinama miguuni pa mwalimu. Nusu ya pili ni madeni ya mwalimu kwa mwanafunzi, nayo imo katika vitabu vilevile, mara nyingi mistari michache tu mbele.

Ila tukumbuke kwamba "India ya kale" ni kipindi cha zaidi ya miaka elfu mbili. Nyimbo za Rigveda, ya kale kuliko zote kati ya Veda nne, yaani maandiko matakatifu ya India, zilitungwa takriban kati ya 1500 na 1000 KK. Upanishad za mwanzo zilikuja karne kadhaa baadaye. Miongozo ya sheria iitwayo Dharmasutra, ya Apastamba, Gautama na wengineo, ni ya karne za mwisho kabla ya Kristo, na Sheria za Manu ni za karne za mwanzo baada yake. Nalanda, chuo kikubwa cha watawa wa Kibuddha, ilianza karne ya 5 BK. Tena vitabu vya sheria hueleza linalotakiwa kuwa. Kanuni inayokataza jambo kwa ukali mara nyingi ni ushahidi kwamba jambo hilo lilikuwa likifanyika.

Kitabu kilikuwa kinywani mwa mwalimu

Kwa nini heshima ilikuwa kubwa kiasi hicho? Sababu ya kwanza inatokana na kazi yenyewe. Veda haikuwa kitabu cha kufungua. Rigveda peke yake ina nyimbo 1,028 na beti zaidi ya 10,000, na zote zilitunzwa kichwani pamoja na viwango vya sauti vya kila silabi. Mwalimu akifa kabla ya kumaliza kufundisha, sehemu ya Veda ilikufa naye katika ukoo ule. Maandishi yalipoenea, kuisoma Veda kutoka kwenye maandishi kuliendelea kudharauliwa. Risala ya matamshi iitwayo Paniniya Shiksha inawataja wasomaji sita wabaya: anayeimbaimba, anayeharakisha, anayetikisa kichwa, anayesoma kilichoandikwa, asiyejua maana ya anachosoma, na mwenye sauti hafifu. Aliyepitia chuo cha Kurani katika pwani yetu ataielewa hoja hii bila kuelezwa sana: matamshi hupokewa kinywa kwa kinywa, na wino hauwezi kumsahihisha mtu.

Somo lilikuwa na utaratibu wake. Mwanafunzi alishika miguu ya mwalimu kwa mikono iliyopishana, mkono wa kulia kwenye mguu wa kulia na wa kushoto kwenye wa kushoto. Mwalimu alisema "soma!" ndipo somo likaanza, na "tuishie hapa" ndipo likakoma. Silabi Om ilitamkwa mwanzoni na mwishoni. Manu anasema isipotangulia somo huvuja, isipofuata somo hufifia. Mwalimu alitamka, wanafunzi wakarudia, kipande kwa kipande. Utaratibu huu ni wa zamani sana. Wimbo mmoja wa Rigveda (7.103) unawafananisha vyura wa msimu wa mvua, wanaoitikiana kwenye madimbwi, na wanafunzi wanaorudia maneno ya mwalimu.

Baada ya kulishika andiko jinsi linavyotiririka, mwanafunzi alilivunja neno moja moja. Katika usomaji wa namna hiyo kila neno husimama peke yake, bila mabadiliko ya sauti yanayotokea maneno ya Kisanskriti yanapogusana. Kisha alilijenga upya kwa mpangilio. Ikiwa maneno tunayapa namba, hatua iitwayo krama inakwenda 1-2, 2-3, 3-4. Jata inakwenda 1-2, 2-1, 1-2, halafu 2-3, 3-2, 2-3. Ghana, ngumu kuliko zote, inakwenda 1-2, 2-1, 1-2-3, 3-2-1, 1-2-3, kisha inaanza tena na neno la 2. Ukihesabu utaona kwamba katika ghana kila neno lililo katikati ya mstari linatamkwa mara 13, likiwa na majirani wale wale upande huu na upande ule, mbele na nyuma. Neno likidondoka au likibadilishana nafasi na jingine, mpangilio mzima unakwama na kosa linasikika papo hapo. Ndiyo maana andiko limepita zaidi ya miaka elfu tatu likiwa na tofauti chache mno. Mwaka 2003 UNESCO iliutangaza usomaji huu kuwa urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha yake ya urithi usioshikika.

Walimu walikuwa na mfano wao wa kuonya juu ya uzembe. Tvashtar, fundi wa miungu, alitaka apate kiumbe wa kumuua Indra, mfalme wa miungu. Katika kafara yake alitamka neno indrashatru akikosea silabi ya kukaziwa sauti. Badala ya "mwenye kumuua Indra" ikawa "mwenye kuuawa na Indra", na hivyo ndivyo ilivyotokea. Mwanafunzi aliyelelewa na hadithi hiyo hakushangaa kurudishwa mara kumi kwa silabi moja.

Kukariri hakukuwa mwisho wa elimu, ingawa baadhi ya wanafunzi waliishia hapo. Chandogya Upanishad inamtaja Shvetaketu, aliyepelekwa kwa mwalimu akiwa na miaka 12 na kurudi akiwa na miaka 24, amejaa majivuno kwa kuzimudu Veda zote. Baba yake, Uddalaka Aruni, alimwanzisha upya kwa vitendo. Alimwambia asile kwa siku 15, anywe maji tu, kisha amsomee Veda. Kijana hakukumbuka hata mstari. Alipokula, vyote vikarudi, na hapo akaelewa uhusiano wa akili na chakula. Alimwambia atie chumvi katika maji usiku, asubuhi aitafute. Haikuonekana, lakini maji yalikuwa na chumvi juu, katikati na chini. Alimwambia apasue tunda la mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, kisha apasue mbegu yake, aseme anaona nini ndani. "Sioni kitu, bwana." Kutokana na hicho usichokiona, baba akamwambia, mti huu mkubwa umesimama. Brihadaranyaka Upanishad inazipanga hatua zenyewe kuwa tatu: kusikia, kutafakari ulichosikia kwa hoja, na kuzama ndani yake kwa muda mrefu.

Kuingia katika nyumba ya mwalimu

Mlango wa kuingilia ulikuwa ibada iitwayo upanayana. Kwa mujibu wa Manu, mtoto wa Brahmini (makuhani na wasomi) aliingizwa mwaka wa 8 tangu kutungwa mimba, wa Kshatriya (watawala na wapiganaji) mwaka wa 11, wa Vaishya (wakulima, wafugaji na wafanyabiashara) mwaka wa 12. Muda wa mwisho ulikuwa miaka 16, 22 na 24. Aliyepitwa na muda huo bila kuingizwa alihesabiwa kuwa nje ya jamii. Apastamba anagawa hata majira: Brahmini machipuko, Kshatriya kiangazi, Vaishya vuli.

Mtoto alifungwa mshipi kiunoni, akapewa ngozi ya kuvaa na fimbo. Mshipi wa Brahmini ulikuwa wa nyasi ya munja. Fimbo yake ilifika kwenye nywele, ya Kshatriya kwenye paji la uso, ya Vaishya kwenye pua. Katika mwongozo wa ibada wa Paraskara, mwalimu aliweka mkono kifuani pa mtoto, kwenye moyo, akisema: moyo wako nauweka katika nadhiri yangu, akili yako ifuate akili yangu. Kisha alimfundisha ubeti wa Savitri, wengine huuita Gayatri, wenye silabi 24: kwanza robo kwa robo, halafu nusu kwa nusu, mara ya tatu wote kwa pumzi moja. Ubeti huo ungeweza kufundishwa siku ileile, au baada ya siku 3, 6, 12 au 24, au miezi 6, au hata mwaka mzima.

Atharvaveda, mojawapo ya Veda nne, inalieleza tukio hili kwa taswira nzito kuliko zote: mwalimu humchukua mwanafunzi tumboni mwake kwa usiku tatu, na akizaliwa miungu hukusanyika kumtazama. Hapa ndipo lilipotoka jina la "waliozaliwa mara mbili". Kwa maneno mengine, uhusiano huu ulihesabiwa kuwa wa uzazi, na deni lake liliendana na hesabu hiyo.

Muda wa kukaa ulikuwa mrefu. Kipimo kamili kilikuwa miaka 12 kwa kila Veda, yaani 48 kwa zote nne. Manu anataja 36 kwa tatu, au nusu yake, au robo yake, au hadi mwanafunzi atakapoimudu. Ule msamaha wa mwisho ndio unaoonyesha hali halisi. Hakuna jamii inayoweza kuishi ikiwa wanaume wake wanaoa wakiwa na miaka 44.

Siku ilianza kabla ya jua. Mwanafunzi alisimama akisoma Savitri hadi jua litokeze, na jioni aliketi akiisoma hadi nyota zionekane. Alichota maji, alileta kuni na kuulisha moto mtakatifu, alilala chini, tena peke yake. Asali, nyama, manukato, mashada ya maua, viatu, mwavuli, ngoma, kamari na umbeya vilikatazwa. Alipita nyumba kwa nyumba kuomba chakula, na hata maneno ya kuombea yalipangwa: Brahmini alitanguliza neno la heshima kwa mama mwenye nyumba, Kshatriya aliliweka katikati, Vaishya mwishoni. Ombi la kwanza kabisa alilipeleka kwa mama yake, dada yake au mama mdogo, mtu asiyeweza kumfedhehesha kwa kumnyima. Baada ya hapo hakuruhusiwa kuomba kwa ndugu wa mwalimu wala kwa ndugu zake mwenyewe ikiwa nyumba nyingine zipo. Alichopata alimwonyesha mwalimu kwanza. Akiacha kuomba na kuleta kuni kwa siku saba bila kuugua, alipaswa kutimiza kafara ile ile ya aliyevunja nadhiri ya useja.

Kuomba huko watu wengi leo hukuona kama udhalilishaji, na kwa kweli kulikusudiwa kuvunja kiburi. Lakini kulikuwa pia ndiyo bajeti ya shule. Mwalimu hakutoza ada, kwa hiyo kijiji kililisha wanafunzi moja kwa moja, kibaba kwa kibaba, na kila mama aliyetoa chakula aliwaona watoto hao kwa macho yake na kujua wanaendeleaje.

Masomo ya Veda yalikuwa na muhula. Yalifunguliwa mwezi mpevu wa Shravana, kati ya Julai na Agosti mvua zinapokolea, yakaendelea kwa miezi minne na nusu. Siku za mwezi mwandamo, mwezi mpevu, ya nane na ya kumi na nne hapakuwa na somo. Ngurumo, dhoruba ya vumbi, mgeni mheshimiwa, kifo kijijini, vyote vilisimamisha somo. Kwa kazi ya kukariri, mapumziko ya namna hii yalikuwa ya lazima.

Kanuni za adabu ni nyingi, na nyingine zina umakini wa kugusa moyo. Mwanafunzi huamka kabla ya mwalimu na kulala baada yake; hazungumzi naye akiwa amelala au anakula; hamtaji kwa jina tupu; haigizi mwendo wala usemi wake. Huketi chini kuliko yeye. Lakini Manu anataja mahali wanapoweza kuketi sawa: kwenye gari la ng'ombe, juu ya mwamba, kwenye mkeka, ndani ya mtumbwi. Kwa mke wa mwalimu mipaka imechorwa wazi. Mwanafunzi hamsugui mwili, hamwogeshi wala hamsuki nywele, na akishatimiza miaka 20 hashiki tena miguu ya mke wa mwalimu aliye kijana. Humsalimu kwa kuinama hadi ardhini bila kumgusa. Aliyeandika hayo alijua nini kinaweza kuharibika katika nyumba inayokaa vijana.

Deni la mwalimu

Apastamba, baada ya kueleza utiifu wote huo, anamgeukia mwalimu. Ampende mwanafunzi kama mwanawe. Amfundishe kwa uangalifu, asimfiche lolote katika elimu. Asimtumie kwa shughuli zake binafsi kiasi cha kuzuia masomo, isipokuwa wakati wa shida. Halafu anatamka jambo zito: mwalimu anayezembea kufundisha si mwalimu tena. Hadhi ilitokana na kazi, na kazi ikikoma hadhi huondoka.

Adhabu pia ziliwekewa kipimo. Apastamba anaruhusu kutisha, kunyima chakula, kuogesha kwa maji baridi na kumfukuza mwanafunzi asionekane mbele ya mwalimu. Gautama anasema mwanafunzi asipigwe. Ikishindikana kabisa, kwa kamba nyembamba au kifimbo chembamba, na mwalimu anayepiga kwa kitu kingine aadhibiwe na mfalme. Manu anakubali kamba au mwanzi uliopasuliwa, mgongoni tu, kamwe si kichwani. Anayevuka hapo anabeba hatia kama ya mwizi. Bado ni viboko, na siwezi kuvitetea. Lakini kuna shule nyingi za karne yetu ambazo hazijafikia hata kipimo cha Gautama.

Je, mwalimu akikosea? Apastamba anaamuru mwanafunzi amweleze faraghani, awe amekosea kwa kusahau au kwa makusudi. Asipobadilika, mwanafunzi atimize wajibu huo mwenyewe au amzuie. Na katika Taittiriya Upanishad, mwalimu anapomuaga mwanafunzi aliyemaliza, baada ya kumwambia aseme kweli, atende haki, asiache kujisomea, amheshimu mama, baba, mwalimu na mgeni kama miungu, anaongeza: yale matendo yetu yaliyo mema ndiyo uyafuate, si mengine. Mwalimu anakiri mbele ya mwanafunzi wake, siku ya mwisho, kwamba anayo matendo yasiyofaa kuigwa. Katika maandiko yote ya elimu ya kale ninayoyajua, huu ndio mstari ninaouthamini kuliko mingine.

Mahabharata, utenzi mkubwa wa India ya kale, nayo haifichi mateso. Mwalimu Dhaumya alikuwa na wanafunzi watatu. Aruni alitumwa kuziba tuta la maji shambani. Udongo ulipomshinda alilala mwenyewe pale palipobomoka. Upamanyu alinyang'anywa chakula alichoomba, kisha akakatazwa maziwa, kisha povu la maziwa midomoni mwa ndama, mpaka akala majani yenye sumu, akapofuka na kutumbukia kisimani. Hawa wawili husimuliwa watoto kama mifano ya utiifu. Wa tatu, aitwaye Veda, hutajwa kwa nadra. Alitumikishwa kwa miaka, akivumilia baridi, joto, njaa na kiu. Alipokuwa mwalimu, simulizi linasema, hakuwatuma wanafunzi wake kazi yoyote, kwa sababu aliyajua maumivu ya kuishi katika nyumba ya mwalimu. Simulizi hilo linaweka sifa ya utiifu na lawama kwa mwalimu mahali pamoja, na msomaji ameachiwa yote mawili.

Malipo na vyeo

Maneno matatu huchanganywa mara kwa mara. Acharya kwa Manu ni yule anayemwingiza mtoto kwa upanayana na kumfundisha Veda yote pamoja na ibada na siri zake. Upadhyaya hufundisha sehemu tu, kwa ajili ya kupata riziki. Guru, katika orodha hiyo, ni baba aliyefanya ibada za mtoto na kumlisha, ingawa matumizi ya neno yalipanuka. Kisha Manu anawapima: acharya anazidi upadhyaya mara 10, baba anamzidi acharya mara 100, mama anamzidi baba mara 1,000.

Kufundisha Veda kwa mapatano ya bei kulikuwa aibu. Mwalimu wa namna hiyo na mwanafunzi wake hawakualikwa kwenye karamu za kuwakumbuka marehemu. Zawadi, yaani dakshina, ilitolewa mwishoni, mwanafunzi alipokaribia kuoga maji ya kuhitimu, kulingana na uwezo wake: shamba, dhahabu, ng'ombe, farasi, au mwavuli na viatu, nafaka, hata mboga. Mpangilio huo ulimfanya mwalimu afundishe kwanza, apokee baadaye.

Takshashila, mji ambao magofu yake yako Punjab ya Pakistani, ulikwenda kwa utaratibu mwingine. Hadithi za Jataka, zinazosimulia maisha ya awali ya Buddha, zinataja ada ya sarafu 1,000, iliyolipwa mwanzoni. Asiyekuwa nayo alifanya kazi za mwalimu mchana na kusoma usiku. Aliyelipa alikaa kama mtoto mkubwa wa nyumbani. Tofauti ya matajiri na maskini ilikuwepo, basi, na anayesema elimu yote ya kale ilikuwa bure anasema kuhusu Veda tu. Huko Takshashila ndiko, kwa mujibu wa maandiko ya Kibuddha, Jivaka alisomea tiba kwa miaka saba. Mtihani wake ulikuwa kuzunguka mji kwa umbali wa yojana moja, kipimo cha kilomita kadhaa, akiwa na jembe dogo, na kuleta mmea wowote usio dawa. Alirudi mikono mitupu, na akafaulu.

Wabuddha waliandika madeni ya pande mbili kwa uwazi kuliko wote. Katika Sigalovada Sutta, mojawapo ya hotuba za Buddha, mwanafunzi anadaiwa mambo matano: kuinuka mwalimu anapoingia, kumhudumia, kuwa na hamu ya kusikia, kumtumikia, na kupokea mafundisho kwa makini. Mwalimu naye matano: kumlea vema, kuhakikisha ameelewa, kumfundisha fani yote kikamilifu, kumtambulisha vizuri kwa rafiki zake, na kumwekea kinga kila upande aendako. Katika kanuni za watawa, mwanafunzi humwandalia mwalimu kijiti cha kupigia mswaki, maji ya kunawa na uji wa asubuhi. Mwanafunzi akiugua, mwalimu humfanyia yeye hayo hayo. Mwalimu anayekaribia kuteleza kwa usemi wake huzuiwa na mwanafunzi. Wa kulea mtawa mpya alitakiwa awe na miaka 10 tangu apewe daraja, na mwanafunzi mwenye uwezo aliachiwa ajitegemee baada ya miaka mitano. Buddha mwenyewe, karibu na kufa, alisema hana ngumi ya mwalimu, yaani hakuna fundisho alilolifumbata asilitoe.

Mboga kabla ya mgonjwa

Penye hatari kwa maisha ya watu, uhusiano huu ulipata kipimo kikali. Sushruta Samhita, kitabu cha upasuaji, kinamtaka mwanafunzi wa tiba aape mbele ya moto kumtii mwalimu. Hapo hapo mwalimu anajifunga: ukienenda sawasawa nami nikakutendea vinginevyo, dhambi iwe juu yangu na elimu yangu isizae matunda. Viapo viwili, moto mmoja.

Kisha mazoezi. Kukata kulijifunzwa kwenye boga, mumunye, tikiti maji na tango. Kukwangua, kwenye ngozi yenye manyoya. Kutoboa mishipa, kwenye mishipa ya mnyama aliyekufa na mashina ya yungiyungi. Kupima kina cha kidonda, kwenye mti ulioliwa na wadudu, mwanzi na tete. Kung'oa, kwa mbegu za fenesi na meno ya mnyama mfu. Kushona, kwenye pindo za kitambaa kizito na ngozi laini. Kufunga bendeji, kwenye sanamu ya mtu. Kuchoma kwa moto, kwenye vipande laini vya nyama. Ili kuujua mwili, maiti iliyofunikwa kwa nyasi iliwekwa ndani ya tundu majini kwa usiku saba, kisha ngozi ikaondolewa polepole kwa brashi ya mizizi, nywele au mwanzi, tabaka kwa tabaka. Anayekariri vitabu bila kuelewa, kinasema kitabu hicho, ni punda aliyebeba sandali: anajua uzito, hajui harufu. Na anayejua vitabu bila mazoezi huzimia mbele ya mgonjwa kama mwoga vitani.

Nalanda, huko Bihar, iliukuza uhusiano huu hadi maelfu ya watu. Xuanzang, msafiri wa Kichina wa karne ya 7, anaeleza walinzi wasomi waliowauliza maswali wageni langoni. Katika kila kumi, saba au wanane waligeuzwa. Mwenzake Yijing, aliyekaa huko miaka kama kumi, anaeleza wanafunzi wakimwendea mwalimu zamu ya kwanza na ya mwisho ya usiku, wakimkanda mwili, wakikunja nguo zake, wakikagua maji yasiwe na wadudu, kisha wakisoma mbele yake. Hata katika taasisi kubwa kiasi hicho, somo lilibaki jambo la watu wawili.

Waliofungiwa nje

Kinga zote nilizozieleza ziliwafaa walioingizwa tu. Kwa Shudra (tabaka la nne, la watumishi) mlango wa Veda ulifungwa, na Gautama anaagiza atakayesikiliza kwa makusudi ajazwe bati au lakiri iliyoyeyushwa masikioni. Wasichana nao, kwa Manu, upanayana yao ni ndoa. Mambo hayakuwa hivyo kila mahali. Mwanamke aitwaye Gargi Vachaknavi alimhoji mwanahekima Yajnavalkya hadharani katika baraza la mfalme Janaka, na Harita, mwandishi mwingine wa sheria, anawataja wanawake waliopewa upanayana, wakasoma Veda na kuomba chakula ndani ya nyumba zao. Satyakama hakumjua baba yake. Mama yake, Jabala, alimwambia kwamba alimpata akiwa mtumishi wa nyumba nyingi. Kijana alilirudia hilo mbele ya Haridrumata Gautama bila kuficha, na mwalimu akampokea kwa sababu hakuiacha kweli. Wapo pia waliosema, katika Sushruta, kwamba Shudra mwenye sifa anaweza kufundishwa tiba, ila bila mantra, yaani maneno matakatifu.

Ekalavya, katika Mahabharata, hakupata hata hilo. Alikuwa mwana wa mfalme wa Wanishada, watu wa msituni, na Drona, mwalimu wa silaha wa wana wa mfalme, alikataa kumfundisha upinde kwa sababu ya asili yake. Alitengeneza sanamu ya Drona kwa udongo, akajizoeza mbele yake mpaka akamzidi Arjuna, mwanafunzi kipenzi. Drona alipogundua, alidai dakshina: kidole gumba cha mkono wa kulia. Ekalavya alikikata. Kwa karne nyingi hadithi hii imesimuliwa kama kilele cha uaminifu wa mwanafunzi. Ukiisoma kando ya Apastamba na Manu, unaona jambo jingine: dakshina hutolewa mwishoni na aliyefundishwa, kwa uwezo wake, kwa mwalimu ambaye hakumficha kitu. Drona hakuwa amefundisha neno hata moja, na alichodai kiliondoa elimu ambayo hakuitoa yeye. Kwa sheria za watu wake mwenyewe, hakuwa na deni la kudai.